Mbwa amekula sumu ya panya, tukampa maziwa: tulikosea wapi?

Swali

“Shikamoo daktari. Sisi ni wakulima wa viazi huku Isyonje. Juzi jioni mbwa wetu wawili waliingia stoo wakala dagaa niliokuwa nimechanganya na sumu ya panya. Sumu yenyewe ni unga wa kijivu unaokaribia weusi, nilinunua gulioni, umefungwa kwenye kimfuko cha nailoni, hauna jina. Haikupita saa moja, yule mkubwa wa kilo kama 20 akaanza kutapika na kuhema kwa shida. Mama mkwe akasema apewe maziwa. Tukamshika kichwa tukammiminia karibu lita nzima, na mafuta ya kula juu yake. Jirani naye akataka tumpe chumvi. Mbwa alianguka akatupa miguu, akafa usiku uleule. Yule mdogo alijitapikia nyuma ya nyumba, hatukumpa kitu, na leo anatembea. Mimi nilifuta matapishi jikoni, yalinuka kama samaki aliyeoza, na tangu hapo kichwa kinaniuma na moyo unachafuka. Je, maziwa ndiyo yaliyomuua? Siku nyingine nifanye nini, maana mpaka nimpate daktari wa mifugo Uyole au Tukuyu muda mwingi umeshapita? Halafu kuku walidonoa yale matapishi, tunaweza kuwachinja?”

Jibu

Marahaba, mama, na poleni sana. Maswali yako nitayajibu yote, lakini naanza na lile ambalo hukuliuliza, yaani hicho kichwa chako. Ukimaliza kusoma aya hii na inayofuata, weka simu chini uende zahanati au kituo cha afya leo hii, ukawaambie kwamba umevuta hewa ya sumu ya panya.

Unga wa kijivu unaokaribia weusi, harufu ya samaki aliyeoza au kitunguu saumu, na mbwa anayekufa ndani ya saa chache: kwa dalili hizo, ninachokiona mimi ni zinki fosfaidi. Ikiwa kavu imetulia. Ikikutana na tindikali ya tumboni inatoa gesi iitwayo fosfini, na gesi hiyo ndiyo inayoua panya, inaua mbwa, na inaweza kumuua mtu. Mbwa akitapika, gesi hutoka pamoja na matapishi. Wewe uliinama juu yake jikoni, pengine na mlango umefungwa kwa baridi ya huko kwenu. Kuumwa kichwa na kichefuchefu baada ya hapo si mawazo. Kama kuna mtoto alikuwa humo jikoni nawe, mpeleke pia. Fungueni milango na madirisha mpaka harufu iishe kabisa ndipo sakafu ioshwe kwa sabuni na maji mengi, mkiwa na glavu. Msitumie siki wala ndimu kuondoa harufu, maana tindikali ndiyo inayoiamsha sumu hiyo.

Sasa maziwa. Kilichomuua mbwa ni sumu, na huenda angekufa hata mngemwacha bila kitu. Lakini maziwa hayakumsaidia, na kwa sumu hii mahususi yanaweza kuwa yalimharakishia. Tumbo likipokea chakula hutoa tindikali zaidi, na tindikali zaidi maana yake ni fosfini zaidi. Ndiyo maana mbwa aliyekula zinki fosfaidi hapewi chakula chochote: ugali, maziwa, mayai, hata kipande cha mkate. Yule mdogo aliitapika mapema, nje, kwenye hewa, na hakuna aliyemwongezea kitu tumboni. Inawezekana pia alikula dagaa wachache kuliko mwenzake.

Mafuta ya kula yana tatizo lake. Ziko sumu zinazoyeyuka kwenye mafuta, hasa baadhi ya viuatilifu vya shambani, na ukimnywesha mbwa mafuta unazifungulia njia ya kuingia mwilini kwa kasi. Ila jambo linalonitia wasiwasi kuliko yote katika barua yako si maziwa wala mafuta yenyewe. Ni namna mlivyompa. Mbwa anayehema kwa shida, akainuliwa kichwa na kumiminiwa lita nzima kama ndama anayenyweshwa dawa ya minyoo, hamezi vizuri. Kinywaji kinaingia mapafuni. Wako mbwa wengi wanaodhaniwa wameuliwa na sumu kumbe walizamishwa na maziwa. Imani kwamba maziwa “yanakata” sumu imeenea kuanzia Igawa hadi Kasumulu, na waliomo ndani yake ni watu wenye nia njema kabisa, mama mkwe wako akiwemo. Usimlaumu.

Chumvi, mlifanya vizuri kama hamkumpa. Chumvi nyingi tumboni huvuta maji kutoka mwilini, na sodiamu ikipanda kwenye damu ubongo unaathirika: mbwa anatetemeka, anapata degedege, anakufa kwa chumvi. Sabuni ya unga, majivu na vidole kooni navyo viacheni. Vidole kooni kwa kawaida havimtapishi mbwa, vinakupatia tu jeraha la meno.

Swali lako la siku nyingine lina jibu moja kubwa, na mengine yote yanaliegemea: kabla hujatia chochote mdomoni mwa mbwa, jua alichokula ni nini. Kinachomfaa aliyekula sumu moja kinamuua aliyekula nyingine. Kwa hiyo dakika ya kwanza si ya kukimbilia jikoni. Mwondoe mbwa pale penye sumu, wafungie mbali mbwa wengine na kuku, kisha chukua kopo, pakiti, kimfuko, hata kipande cha chambo kilichobaki, ukifunge kwenye mfuko mwingine. Piga picha ya maandishi kama yapo. Halafu piga simu kwa daktari wa mifugo au afisa mifugo wa kata, umweleze manne: amekula nini, kiasi gani, saa ngapi, na ana uzito gani. Namba hiyo iandike leo ukutani, usisubiri siku ya msiba. Wakati mmoja anapiga simu, mwingine atafute usafiri. Kwa mtu wa Isyonje, mwendo wa kushuka Tukuyu au kwenda Uyole ndio sehemu kubwa ya matibabu, na dakika zinazopotea zikitafutwa maziwa kwa jirani ni dakika zilizoibwa barabarani.

Kumtapisha je? Kunafaa kwa wachache, na kwa muda mfupi: mbwa awe ameimeza sumu ndani ya saa 2 hivi, awe macho, anasimama, anahema vizuri, na sumu iwe ya aina inayoruhusu. Asitapishwe aliyekwisha kulegea, anayetetemeka au mwenye degedege, kwa sababu matapishi yatarudi mapafuni. Asitapishwe aliyekunywa mafuta ya taa, petroli au dizeli, maana tone dogo likiingia kwenye pafu linaleta nimonia mbaya. Na asitapishwe aliyelamba magadi makali ya kutengenezea sabuni, maji ya betri au dawa ya kusafishia choo. Hizo ziliunguza koo zikishuka na zitaliunguza tena zikipanda. Huyo wa mwisho, kama ana fahamu na anameza mwenyewe, anaweza kuachiwa alambe maji au maziwa kidogo kwenye bakuli ili kuizimua. Hapo ndipo maziwa yana nafasi yake, na hata hapo ni kwa kulamba, si kumiminiwa.

Dawa ya kutapishia inayotumika nyumbani ni haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, mililita 1 hadi 2 kwa kila kilo ya mbwa, isizidi mililita 45 hata awe jitu la mbwa. Inatolewa polepole kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kupitia pembeni ya shavu, kisha mbwa anatembezwa. Kwa kawaida anatapika ndani ya dakika 10 au 15. Asipotapika, kipimo hurudiwa mara moja tu. Nakuandikia haya kwa masharti: daktari awe amekuambia kwa simu kwamba mtapishe. Na soma lebo ya chupa mara mbili, kwa sababu ile ya saluni ya kubadilishia rangi ya nywele ni kali zaidi na inachoma tumbo. Kama mnashughulika na zinki fosfaidi, kazi hiyo ifanyike uwanjani, nanyi mkisimama upande upepo unakotokea.

Kuna wanaouliza habari za mkaa. Mkaa wa dawa, ule unaouzwa duka la dawa, kweli hushika sumu nyingi tumboni zisiingie kwenye damu. Kipimo chake ni gramu 1 au zaidi kwa kilo. Sasa piga hesabu: mbwa wa kilo 20 anahitaji si chini ya gramu 20, na kama kidonge kimoja ni miligramu 250, hivyo ni vidonge 80. Vidonge vitatu vilivyopondwa kwenye uji havifanyi lolote, ila vinamfariji mwenye mbwa. Mkaa wa jikoni hauna uwezo huo, wala ugali ulioungua. Na mkaa wa dawa haushiki mafuta ya taa wala magadi. Mbwa aliyelegea asipewe, kwa sababu ileile ya mapafu.

Ukanda wetu una sumu zake, na mtu wa Nyanda za Juu Kusini akizijua anapata nafuu ya nusu ya kazi.

Kubwa kuliko zote ni dawa za kuua wadudu za kupulizia mazao, zile za makundi ya oganofosfeti na kabamati. (Dawa za baka za viazi, kama mankozebu, hazina makali ya haraka kwa mbwa, ingawa si za kuchezea.) Mbwa aliyepata dawa ya wadudu utamtambua kwa majimaji: mate yanachuruzika, machozi, kutapika, kuharisha, mkojo unamtoka bila kujua, mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya pini, misuli inachezacheza chini ya ngozi, kisha kifua kinajaa maji na pumzi inakata. Inaweza kuanza ndani ya dakika chache. Wezi wanaotega nyama usiku ili kuua mbwa wa ulinzi hupenda kutumia dawa za namna hii, na baadhi ya sumu za panya zisizo na lebo magulioni nazo ni viuatilifu vya shambani vilivyofungwa upya. Habari njema ni kwamba sumu hizi zina dawa: sindano ya atropini. Mbwa aliyekuwa anaelekea kufa anaweza kuanza kukauka mate mbele ya macho yako. Ndiyo maana nasema mwulize afisa mifugo wako leo, kabla ya tatizo, kama anayo atropini kwenye sanduku lake. Usinunue ukamdunga mbwa wewe mwenyewe, kipimo chake hupandishwa kwa kutazama moyo na kifua.

Sumu hizo hupita pia kwenye ngozi. Mbwa aliyelala kwenye gunia lililomwagikiwa dawa, au aliyeogeshwa kwa dawa ya ng’ombe iliyochanganywa kwa kukadiria, aoshwe kwa maji na sabuni ya kawaida, nawe ukiwa umevaa glavu au umefunga mikono kwa mifuko. Kama dawa ya kuogeshea ilikuwa na amitrazi, mbwa huwa mzito, anasinzia, moyo unakwenda polepole na mwili unapoa. Huyo apewe blanketi, na daktari aambiwe jina hilo mapema maana atropini si dawa yake.

Halafu kuna sumu ya panya ya vidonge au mchele wenye rangi, mara nyingi waridi, bluu au kijani, inayozuia damu kuganda. Hii inadanganya. Siku ya kwanza mbwa anakula, anacheza, anabweka, mwenye mbwa anashukuru Mungu. Siku ya 3 hadi ya 5 ndipo fizi zinapopauka, damu inatoka puani au kwenye kinyesi, anahema kwa kuwa damu imevujia kifuani. Dawa yake ni vitamini K1, nayo hutolewa kwa wiki kadhaa, mara nyingi 3 hadi 4. Aina ya K3, ambayo hutiwa kwenye vyakula vya kuku, haisaidii hapa. Aliyeonekana akila sumu hii apelekwe siku hiyohiyo hata kama ana furaha.

Msimu wa kupanda, mbegu za mahindi zilizopakwa dawa huachwa kwenye ndoo kibarazani. Rangi ile ni onyo. Kyela wenye kakao wajue kuwa punje zinazoanikwa kwenye mikeka zina theobromini, inayopeleka mbio moyo wa mbwa na kumletea degedege. Parachichi, ambalo watu wa Rungwe na Njombe huniulizia sana, nyama yake kwa mbwa ni kuharisha tu, kokwa ndilo la kuogopa kwa sababu linakwama kwenye utumbo. Mbegu za mnyonyo zilizotafunwa ni sumu kali.

Na dawa za binadamu. Diklofenaki na ibuprofeni ambazo watu huwapa mbwa wanaochechemea hutoboa tumbo na kuharibu figo. Ila ninayotaka uikumbuke ni dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi, ambayo nayo iko majumbani mwetu. Mbwa hana uwezo wa kuivunja mwilini kama mtu, na vidonge vichache tu vinamletea degedege lisilokatika. Dawa yake ni vitamini B6 kwa kipimo cha daktari. Ukimpigia simu daktari wa mifugo, usione haya kutaja kwamba nyumbani kuna anayetumia dozi ya TB. Hatuulizi ni nani.

Onyo moja ambalo sina budi kuliweka hapa: si kila mbwa anayetoa povu amekula sumu. Kichaa cha mbwa kipo kwetu, na mbwa mwenye kichaa naye hutoa mate, taya linalegea, anapepesuka. Sumu kwa kawaida huja ghafla kwa mbwa aliyekuwa mzima asubuhi. Kichaa hutanguliwa na siku za kubadilika tabia: kujificha, kung’ata miti na mawe, ukali usio wa kawaida. Kama hujamwona akila kitu na hana chanjo, usitie mkono wala bomba mdomoni mwake. Akikung’ata au mate yake yakigusa kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo.

Njiani, mlaze mbwa kwa ubavu juu ya kiroba kinachoshikwa na watu wawili, shingo imenyooka, ulimi umevutwa nje, kichwa chini kidogo kuliko kiwiliwili ili matapishi yatoke. Bajaji au gari ni bora kuliko bodaboda. Mbwa anayetapika asifungwe mdomo. Anayetetemeka au mwenye degedege asifunikwe blanketi hata kama ni Julai na umande umeganda kwenye majani, kwa sababu misuli ile inazalisha joto na joto lake la kawaida tayari ni nyuzi 38 na kitu. Tazama fizi: ziwe za waridi, na ukizibonyeza kwa kidole rangi irudi kabla ya sekunde 2. Zikiwa nyeupe au za bluu, mwambie daktari kwa simu ili ajiandae.

Kwa zinki fosfaidi, nikuambie wazi, hakuna sindano ya kuikata. Tunachofanya ni kupunguza tindikali ya tumbo, kulitoa lililobaki, dripu, na kulinda ini na pumzi. Kwa sababu hiyo yule mdogo wako, ingawa anatembea, bado namtilia shaka. Mpeleke akapimwe. Kwa wiki 2 zijazo tazama macho na fizi kama zinageuka njano, kama anakataa chakula, kama mkojo umepungua au umekuwa wa rangi ya chai. Na kwa kuwa kimfuko hakikuwa na jina, tazama pia dalili za kuvuja damu nilizotaja, maana siwezi kuapa kwa ajili ya mchuuzi alichotia humo.

Unga uliobaki usiumwage chooni wala mtoni. Ufunge vizuri, uufungie mbali na watoto, umkabidhi afisa mifugo au afisa kilimo wa kata. Sumu inayouzwa bila lebo haina ruhusa ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na afisa huyo anajua pa kuipeleka taarifa. Kama mnashuku mbwa ametegwa na mtu, msimzike kabla ya kumuuliza daktari, kwani sampuli za tumbo zinaweza kupelekwa maabara. Wakala wa Maabara ya Veterinari ana kituo chake Iringa kinachohudumia kanda yetu. Vinginevyo azikwe chini sana, mbali na kisima, na matapishi yafukiwe pamoja naye. Mzoga ukitupwa bondeni, mbwa wa jirani atakula na nguruwe pia.

Kuku, mama, msiwachinje. Waliokufa wazikwe, wasipewe mbwa. Waliobaki wafungieni peke yao, mayai yao ya siku hizi yatupwe, na afisa mifugo awaone kabla hamjawarudisha kwenye sufuria.